Mbegu moja, udongo tofauti: sarkoma ya Kaposi na somo lake kutoka Kagera

Kama umekulia Bukoba au Muleba, au umewahi kukaa huko hata wiki moja, hili unalijua. Chipukizi la mgomba ukilipanda kwenye kibanja, karibu na nyumba, linakuja kutoa mkungu wa maana. Chukua chipukizi jingine kutoka shina lilelile, kalipande kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi nje ya kijiji, usiweke samadi wala matandazo. Litachipua, ndiyo, lakini mkungu wake, kama utatoka, utakuwa wa kusikitisha.

Mgomba ni uleule. Sasa tofauti iko wapi?

Mwaka 1938 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliandika makala kuhusu jambo hili hili la Bukoba. Udongo wa kibanja na ule wa rweya, kwa asili yake, ni ndugu. Kilichoutenganisha ni mikono ya watu: miaka na miaka ya samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, majivu na maganda kutoka jikoni. Yaani kibanja hakikukutwa pale kikiwa tayari. Kilitengenezwa.

Shika hapo hapo, ndugu msomaji, kwa sababu leo tunazungumzia saratani. Na saratani nayo, kama utakavyoona, ina tabia ya kujitengenezea kibanja.

Nusu ya habari tuliyofundishwa

Wengi wetu shuleni tulielezwa saratani hivi: seli moja inapata hitilafu kwenye vinasaba, inasahau kuacha kugawanyika, inazaa seli nyingine zenye hitilafu ileile, na baada ya muda unapata uvimbe. Maelezo haya ni sahihi. Ila ni nusu ya habari.

Nusu ya pili ilianza kuandikwa zamani sana. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari mpasuaji wa London, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Alitaka kujua saratani ilikuwa imesambaa kwenda wapi mwilini. Kama usambaaji ungekuwa wa kubahatisha tu, viungo vingepata mgawo unaolingana na damu inayovifikia. Haikuwa hivyo. Ini lilishambuliwa mno, wengu mara chache. Paget akasema seli za saratani ni kama mbegu: zinapeperushwa kila upande, lakini zinaota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa.

Mkulima wa Kamachumu asingehitaji kumbukumbu 735 ili akubaliane na hilo.

Leo tunajua mengi zaidi juu ya huo udongo. Ukikata kipande chembamba cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini, utashangaa: seli nyingi mle ndani wala si za saratani. Ni seli za kawaida za mwili, zinazoishi mtaa mmoja na zile mbaya. Wakazi wakuu wa mtaa huo ni hawa:

- Mishipa ya damu. Uvimbe ukizidi ukubwa wa milimita moja au mbili hauwezi kuishi kwa oksijeni inayopenya yenyewe. Lazima uvutiwe "bomba" lake. Daktari Judah Folkman wa Marekani alitoa hoja hii mwaka 1971, akabishiwa kwa miaka mingi, na mwisho ikathibitika.
- Faibroblasti, yaani seli zinazofuma nyuzi zinazoshikilia tishu pamoja. Ndizo zinazofunga kidonda chako ukijikata. Ndani ya uvimbe zinafanya kazi ileile, ila sasa zinamjengea adui.
- Makrofeji, seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu. Katika hali nzuri ni walinzi. Zikipokea ishara fulani kutoka kwenye uvimbe zinageuka kuwa wahudumu: zinaleta chakula, zinaita mishipa, zinawatuliza walinzi wengine.
- Limfosaiti, hasa zile tunazoziita seli T. Hizi zina uwezo wa kutambua seli iliyoharibika na kuiua. Swali ni kama zitaruhusiwa kuingia, na zikiingia kama zitakuwa na nguvu.

Mtaa huu wote, pamoja na kemikali zinazopita kati ya wakazi wake, ndio wanasayansi wanaouita mazingira ya uvimbe. Hoja kubwa ya miongo ya karibuni ni kwamba ukiangalia seli ya saratani peke yake, bila mtaa wake, hutaweza kueleza kwa nini uvimbe mmoja unalala miaka ishirini na mwingine unaua kwa miezi sita.

Hoja nzuri. Lakini ushahidi uko wapi? Ushahidi ambao mimi unanigusa kuliko wote hautoki kwenye panya wa maabara. Unatoka kwetu, ukanda huu wa Ziwa Viktoria.

Ugonjwa wa wazee wenye miguu yenye vinundu

Mwaka 1872 daktari wa ngozi Moritz Kaposi, huko Vienna, alieleza wagonjwa watano wenye madoa na vinundu vya rangi ya zambarau kwenye ngozi. Ugonjwa ukabeba jina lake: sarkoma ya Kaposi. Huko Ulaya ulikuwa nadra sana.

Kwetu haukuwa nadra. Madaktari waliofanya kazi Uganda, Kongo na Tanganyika waliukuta mara nyingi kiasi kwamba mwaka 1961 ulifanyika mkutano mzima wa kisayansi mjini Kampala kuuzungumzia ugonjwa huu mmoja. Mwaka 1969 ikachapishwa ripoti ya wagonjwa 117 kutoka Tanzania Bara pekee. Tazama tarehe hizo vizuri: ni kabla ya UKIMWI kujulikana popote duniani.

Mgonjwa wa kawaida wa miaka hiyo alikuwa mwanaume mtu mzima, mwenye vinundu vyeusi kwenye miguu na nyayo. Kwa watu wazima wengi ugonjwa ulikwenda pole pole. Mzee angeweza kuishi nao miaka kumi au zaidi na mwisho akafariki kwa jambo jingine. Walikuwepo watoto waliopata aina kali zaidi, lakini kwa ujumla Kaposi ilihesabiwa kuwa saratani yenye subira.

Kisha subira ikaisha.

1983

Mwaka 1983 daktari mpasuaji Anne Bayley, aliyekuwa Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, Zambia, aliona kitu kisichomwingia akilini. Wagonjwa wa Kaposi aliowazoea, wale wenye vinundu vya mguuni, walikuwepo bado. Lakini kando yao wakaanza kuja wengine, vijana zaidi, wenye vidonda mdomoni, matezi yaliyovimba na ugonjwa kwenye mapafu. Hawakuitikia dawa kama wale wa zamani. Walifariki haraka. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1984.

Mwaka huohuo wa 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, wilayani Muleba. Watu wa Kagera walikuwa wameshauona ugonjwa huo na kuupa jina: Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikivushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka wao waliuita "slim". Ilipofika mwaka 1987 hakukuwa na mkoa Tanzania Bara ambao haujatoa taarifa ya mgonjwa.

Mwaka huo wa 1987 watafiti wa Muhimbili, wakiongozwa na Japhet Killewo na kushirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu za watu wazima katika Mkoa wa Kagera. Bukoba Mjini, asilimia 24.2 walikuwa na VVU. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10. Karagwe, 4.5. Ngara na Biharamulo, 0.4. Isome tena ile ya kwanza: karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne.

Sasa jiulize swali la kisayansi lililokuwa mbele ya madaktari wa miaka ile. Saratani ni ileile. Ukiikata na kuitazama kwa hadubini, Kaposi ya mzee wa mwaka 1960 na Kaposi ya kijana wa mwaka 1985 zinafanana. Mbona moja inatembea na nyingine inakimbia?

Jibu lisingeweza kuwa kwenye mbegu. Ilibidi liwe kwenye udongo.

Mbegu yenyewe ni nini?

Mbegu ilipatikana mwaka 1994. Yuan Chang na Patrick Moore, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walilinganisha vinasaba vya uvimbe wa Kaposi na vinasaba vya ngozi nzima ya mgonjwa yuleyule. Walitafuta kitu kilichopo upande mmoja na kukosekana upande wa pili, wakakuta vipande vya kirusi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana. Leo kinaitwa HHV-8. Ni ndugu wa virusi vya malengelenge, na kama ndugu zake, kikishaingia mwilini hakitoki.

HHV-8 hupatikana zaidi kwenye mate. Ukanda wetu huu watu wengi hukipata wakiwa watoto, humohumo nyumbani, kwenye maisha ya kawaida ya familia. Wala si jambo la aibu, na walio wengi kati ya wenye kirusi hiki hawatapata saratani maisha yao yote. Kinga yao inakibana kwenye kona, nacho kinalala.

Hapa ndipo utamu wa habari ulipo. HHV-8 kinapenda kuingia kwenye seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu na ya limfu. Seli iliyovamiwa inarefuka na kuchongoka kama pia ya kusokotea uzi. Ndani ya uvimbe wa Kaposi, sehemu kubwa ya seli hizo zina kirusi kilicholala. Chache tu zina kirusi kilichoamka. Lakini hizo chache zina kelele! Kirusi kimebeba jeni ambazo zinaonekana kuibwa zamani kutoka kwa binadamu, na kwa jeni hizo kinatengeneza protini za kuigiza ishara zetu wenyewe. Moja inaiga ishara ya uvimbe na homa ambayo seli za kinga huitumia. Nyingine inailazimisha seli kumwaga VEGF, ambayo ni protini ya kuita mishipa mipya ya damu.

Basi mishipa inakuja. Inakuja mingi, dhaifu, inayovuja. Chembe nyekundu za damu zinamwagika katikati ya seli, na hiyo ndiyo siri ya rangi ya zambarau au weusi wa doa. Makrofeji na limfosaiti zinaitikia wito, zinaleta kemikali zao, na kemikali hizo zinazichochea seli zenye kirusi zizidi kukua. Samadi, matandazo, maji. Kibanja kimekamilika.

Na kuna jambo moja la maabara linalonishangaza hadi leo. Ukizitoa seli za uvimbe wa Kaposi mwilini na kuzikuza kwenye sahani ya maabara, kwa kawaida baada ya muda zinakipoteza kirusi. Nje ya mtaa wao, mbegu yenyewe inapotea. Nadhani ni vigumu kupata saratani inayoutegemea udongo wake kuliko hii.

VVU kama mlima rweya

Tumeona HHV-8 kipo Afrika Mashariki tangu zamani. Kilichobadilika miaka ya 1980 ni ujio wa VVU, navyo vikafanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza linajulikana. VVU huua seli za CD4, ambazo ni makamanda wa kinga. Kamanda akiondoka, seli T zilizokuwa zikikibana HHV-8 zinakosa amri. Kirusi kinaamka sehemu nyingi, seli zenye kelele zinaongezeka.

La pili halisemwi sana. VVU huufanya mwili mzima uishi katika hali ya mapambano yasiyokwisha. Damu inajaa zile kemikali za uchochezi ambazo Kaposi inazipenda. Juu ya hapo, VVU hutoa protini iitwayo Tat, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba protini hiyo huzichochea seli za Kaposi kukua na mishipa kuchipuka. Kwa hiyo VVU havikumwondoa mlinzi peke yake. Vilileta na mbolea.

Wala VVU haviingii ndani ya seli ya Kaposi kuigeuza saratani. Vinabadilisha tu mazingira. Na mabadiliko hayo ya mazingira yalitosha kuigeuza saratani ya wazee yenye subira ikawa muuaji wa vijana.

Ukibadilisha udongo, nini kinatokea?

Nadharia yoyote nzuri lazima ikubali kupimwa. Kama kweli tatizo ni udongo, basi ukiutengeneza udongo, bila kuigusa mbegu, uvimbe unapaswa kurudi nyuma.

Kipimo cha kwanza ni dawa za kufubaza VVU. Dawa hizi hazikutengenezwa kuua saratani. Kazi yake ni kuizuia VVU isizaliane, basi. Lakini mchanganyiko wa dawa hizo ulipoanza kutumika katika nchi tajiri karibu mwaka 1996, Kaposi ilishuka kwa kasi kubwa huko. Wagonjwa wenye madoa machache kwenye ngozi waliyaona yakififia kadiri CD4 zilivyopanda. Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa hizi mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Leo mgonjwa wa Kaposi iliyo hatua ya mwanzo anaweza kutibiwa kwa dawa hizo peke yake na uvimbe ukarudi nyuma.

Kipimo cha pili kinatoka kwa watu wasio na VVU kabisa. Mtu aliyewekewa figo ya mtu mwingine hupewa dawa za kupunguza kinga ili mwili usiikatae figo hiyo. Baadhi yao hupata Kaposi. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walichapisha habari za wagonjwa 15 wa namna hiyo. Waliwaachisha dawa ya cyclosporine wakawapa sirolimus, ambayo hutuliza kinga kwa njia nyingine na wakati huohuo hupunguza wito wa mishipa mipya. Baada ya miezi mitatu, madoa ya ngozi yalikuwa yametoweka kwa wote 15.

Kwa hiyo njia mbili tofauti, wagonjwa tofauti, na jibu moja.

Ila nisikuuzie maneno matamu. Kuna mambo matatu yanayoharibu uzuri wa hadithi hii, na lazima uyajue.

Moja: kwa wagonjwa wengine Kaposi huwaka zaidi katika wiki au miezi ya mwanzo ya kutumia dawa za VVU. Kinga inaamka ghafla, inaingia vitani kwa fujo, na fujo hiyo kwa muda ni mbolea. Mgonjwa anayeona vinundu vinaongezeka baada ya kuanza dawa anaweza kudhani dawa ndizo zinazomuua, akaziacha. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote. Dalili hiyo inataka arudi kliniki haraka, na vidonge viendelee.

Mbili: ugonjwa ukishafika mbali, yaani mapafuni, tumboni, au mguu ukavimba na kuwa mgumu, kutengeneza udongo peke yake hakutoshi. Hapo lazima na mbegu ishambuliwe kwa dawa za saratani. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, pamoja na Brazil, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa paclitaxel ikiunganishwa na dawa za VVU ilifanya vizuri kuliko dawa nyingine mbili za zamani zilizolinganishwa nayo.

Tatu: wako wanaopata Kaposi ingawa VVU vyao vimefubazwa vizuri. Kinga iliyojengwa upya si lazima iwe sawasawa na ile ya mwanzo. Kibanja kilichotelekezwa miaka kumi hakirudi kuwa kibanja kwa msimu mmoja.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa zinazoulenga mtaa wenyewe. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha pomalidomide kwa ugonjwa huu, dawa inayozipa nguvu seli za kinga na kupunguza uotaji wa mishipa.

Je, ni Kaposi peke yake?

Hapana. Kaposi ni mfano ulio wazi mno, ndiyo maana nimeanza nayo. Lakini kanuni ileile ipo kwenye saratani ambazo hazina uhusiano wowote na VVU. Chukua tezi ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo mbele ya shingo.

Saratani ya thairoidi inayoonekana zaidi ni ya papila, na wagonjwa wengi hutibika. Kati ya wagonjwa hao, wapo ambao uvimbe wao umezungukwa na limfosaiti nyingi, kwa sababu walikuwa na ugonjwa wa Hashimoto ambapo kinga hushambulia thairoidi. Tafiti nyingi zimekuta watu hawa kwa wastani wanaendelea vizuri zaidi. Walinzi wapo wengi mtaani.

Sasa nenda upande wa pili, kwenye saratani ya thairoidi aina ya anaplastiki. Hii ni nadra, lakini ni kati ya saratani kali kuliko zote anazopata binadamu: wengi wa wagonjwa hawamalizi mwaka. Ukiitazama kwa hadubini unakuta makrofeji zimejaa mle ndani kama utando wa buibui, na zinaweza kufika nusu ya seli zote za uvimbe. Hao ndio wale walinzi waliogeuka wahudumu. Kiungo ni kimoja, mitaa ni miwili, na hatima mbili zisizofanana hata kidogo.

Na thairoidi inatukumbusha kwamba udongo unaanzia mbali kuliko uvimbe. Unaanzia hata kwenye sahani ya chakula. Mwili ukikosa madini ya joto, ubongo huagiza homoni ya kuichochea thairoidi ifanye kazi zaidi, na tezi inavimba: ndilo rovu, au goita. Katika maeneo yenye upungufu wa madini hayo, aina kali za saratani ya thairoidi huwa na mgawo mkubwa zaidi, na chumvi yenye madini joto ikishaenea, mgawo huo huhamia kwenye ile aina ya papila inayotibika. Pakiti ya chumvi ya dukani nayo ni sehemu ya mazingira.

Wewe ufanye nini na habari hii?

Kaposi bado ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana kwa wanaume wa Tanzania, na wanawake pia wanaipata. Tatizo letu kubwa ni muda. Doa la Kaposi mara nyingi haliumi wala haliwashi, kwa hiyo mtu hana haraka. Kwenye ngozi yetu nyeusi linaonekana kama alama ya kahawia iliyokolea, zambarau au nyeusi, rahisi kudhaniwa ni kovu. Vikianza kuwa vinundu, wapo wanaosema ni kurogwa, na miezi inakatika kwa mganga. Kila mwezi unaopita, kibanja kinazidi kurutubika.

Basi shika haya. Doa jeusi au kinundu kipya kisichoondoka, hasa mguuni, usoni au puani, kionyeshe hospitali. Fungua mdomo mbele ya kioo na uangalie kaakaa: Kaposi inapenda kujitokeza pale, na daktari mzuri ataomba kukuangalia huko. Mguu mmoja ukivimba bila sababu, usiuchukulie poa. Ukiambiwa utachukuliwa kinyama kipimwe, kubali. Ni kipande kidogo cha ngozi, na ndicho kinachotofautisha Kaposi na mambo mengine yanayofanana nayo.

Pa kuanzia pako karibu. Aliye Muleba ana Ndolage, Rubya na Kagondo. Aliye Bukoba ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ikihitajika matibabu makubwa kuna Bugando kule Mwanza, kwa basi au kwa meli, na Ocean Road Dar es Salaam. Safari hizo ni ndefu na zina gharama, hilo sikufichi, na ndiyo sababu ya pili ya kwenda mapema: doa linaloonwa mapema mara nyingi linaweza kutibiwa kwa vidonge vinavyotolewa bure kwenye kliniki ya wilayani.

Na kama unatumia dawa za VVU, au unaishi na ndugu anayezitumia, sasa unajua kazi nyingine inayofanywa na kidonge kile cha kila siku. Kinazuia VVU, ndiyo, lakini pia kinakinyima samadi kirusi kingine ambacho huenda umekibeba tangu utotoni bila habari. Siku unayoacha, hakuna kitakachoonekana. Wala kibanja hakigeuki siku moja.